Mzigo wa tangi: pleko mkubwa anapohamia kwa wenzake

Waindonesia humwita sapu-sapu, kutokana na sapu, yaani ufagio. Malaysia ni samaki wa manispaa, na Ufilipino amepewa cheo cha mfagizi wa ofisi. Pleko, kambare wa Amerika Kusini mwenye mdomo wa kunyonya na mwili uliovikwa mabamba ya mfupa, amesifiwa kila alikofika kwa kazi ya kukwangua mwani kwenye vioo. Akiwa mdogo sifa hiyo inamstahili. Akishakuwa mkubwa, ni nadra kumpata mkazi wa tangi anayeyachafua maji kumshinda yeye.

Kinachopima uchafuzi huo ndicho wafugaji wa samaki wa mapambo wanachokiita kwa Kiingereza bioload: jumla ya taka za viumbe wa tangi, pamoja na chakula kinachooza, ambazo bakteria hulazimika kuzivunja. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa, ambayo mwenye tangi huiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huongezeka kadiri ya amonia wanayoipata. Tangi lenye samaki wadogo kumi lina bakteria wa kutosha samaki wadogo kumi tu.

Tulitafsirije neno hilo? Mwenye haraka ataandika "mzigo wa kibayolojia", na msomaji atabaki na swali lilelile alilokuja nalo. "Mzigo wa uchafu" unaeleweka upesi, ila unapotosha, kwa sababu amonia haina rangi; maji yanaweza kung'aa kama kioo huku samaki wakitweta juu. "Mzigo wa kinyesi" ni vibaya zaidi. Nyuzi ndefu za kinyesi cha pleko huonekana hata na mgeni wa sebuleni, lakini sehemu kubwa ya amonia ya samaki hutokea kwenye matamvua, si huko nyuma. Mimi nachagua "mzigo wa tangi". Haulengi taka moja, na unakuja na vitenzi vyake: tangi hubeba, huongezewa, hupunguziwa, hulemewa. Fundi anayesema "tangi lako limelemewa" hahitaji kufafanua.

Istilahi hiyo inafaa zaidi pale mtu anapopewa pleko mkubwa. Huyu samaki kwa kawaida hununuliwa akiwa na sentimita 5 hivi. Wanaouzwa madukani siku hizi wengi ni wa jenasi ya Pterygoplichthys, na hufika sentimita 40 na zaidi. Hapo ndipo mwenyewe huanza kuulizia nani atampokea, na jirani mwenye tangi la mseto, lenye samaki wa aina mbalimbali wanaoelewana, hujitolea. (Nasema mseto kwa kuwa tunalo tayari katika kilimo na hata katika serikali.)

Jirani hupima kwa rula. Pleko wa sentimita 40, anajiambia, ni sawa na samaki wanane wa sentimita 5. Hesabu hiyo inapima urefu, na urefu haubebwi na bakteria. Samaki akirefuka mara nane bila kubadilika umbo, hunenepa mara nane na kwenda juu mara nane vilevile, hivyo uzito wake huongezeka mara 512. Aliyedhani ameongeza wanane ameongeza mamia, kwa mkupuo mmoja, juu ya bakteria waliozoea kidogo.

Dawa yake ni kumhamisha mgeni pamoja na wabebaji wake. Sponji ya chujio la tangi la zamani isafiri naye, ikiwa imelowa maji ya tangi hilohilo, na isioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini, kwani klorini huua bakteria. Ikishawekwa kwenye chujio jipya, sehemu kubwa ya mzigo imepata wa kuubeba siku hiyohiyo. Asilishwe siku moja kabla ya safari, na akifika alishwe kidogo sana, huku amonia na nitriti vikipimwa kila siku kwa majuma ya kwanza.

Kumkamata kuna namna yake. Akishtuka hutanua mapezi na kuyakaza, na miiba yake hunasa kwenye wavu kiasi kwamba humtoi bila kuukata. Mfuko wa plastiki nao hutobolewa. Ndoo yenye mfuniko inatosha, maji yakimfunika na nafasi ya hewa ikibaki juu, maana pleko huweza kupanda na kumeza hewa, akaifyonza oksijeni tumboni.

Mzigo uleule haulemei sawa kila mahali. Kwenye maji ya pH 7 yenye nyuzi joto 25, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 9, ambayo ni karibu na ya Ziwa Tanganyika, hufika zaidi ya theluthi. Mwenye tangi la samaki wa Kigoma ana sababu ya kumkataa pleko mkubwa hata kama nafasi anayo. Na aliye na samaki bapa kama diskasi, au samaki dhahabu wazito wa kukimbia, ajue kwamba usiku pleko mwenye njaa huweza kuwabandika mdomo ubavuni na kuwakwangua ute. Tango, boga na kipande cha gogo humtuliza, lakini vyote hivyo huishia kuwa mzigo.

Anayekosa tangi la kumweka asimpeleke mtoni. Ziwa Laguna de Bay la Ufilipino na bwawa la Infiernillo huko Mexico yamejaa pleko walioletwa na binadamu. Nyavu za wavuvi hupasuka na kingo hutobolewa mashimo ya kuzalia. Anayemtaka samaki wa kula mwani tu amtafute Ancistrus, binamu yake mwenye vinyweleo puani, ambaye hukomea sentimita 15 hivi.