Neno Heredibus katika Hati za Kale za Ardhi

Hati za Kiingereza za karne ya 13 zinazohusu uhawilishaji wa ardhi huwa na maneno haya ya Kilatini: dedi, concessi et hac presenti carta mea confirmavi. Yaani, nimetoa, nimeridhia na kwa hati yangu hii nimethibitisha. Mfasiri aandike "nimetoa", wala si "natoa". Ardhi ilikabidhiwa palepale shambani, pengine kwa kutiana mkononi bonge la udongo au kijiti. Hati ilikuwa ushahidi tu wa jambo lililokwisha tendeka.

Shida kubwa imo katika maneno yanayofuata: habendum et tenendum sibi et heredibus suis, yaani awe nayo na kuishika, yeye na warithi wake. Msomaji wetu atadhani kwamba warithi nao wamepewa fungu lao siku ile. Sivyo hata kidogo. Neno heredibus halitaji wapokeaji. Lapima ukubwa wa milki ya mpokeaji mmoja. Kwa neno hilo alipata milki isiyo na kikomo, na baadaye aliweza hata kuiuza yote, warithi wakabaki mikono mitupu. Neno hilo likikosekana, alipata milki ya maisha yake tu. Akifa, ardhi humrudia mtoaji au warithi wa mtoaji. Hivyo karani msahaulifu aliweza kuwakosesha watoto wa watu shamba zima.

Kanuni hiyo iliishi kuliko Kilatini chenyewe. Mahakama za Uingereza ziliacha Kilatini mwaka 1733, lakini ulazima wa kutaja warithi ulilegezwa mwaka 1881 tu, ukaondolewa kwa sheria ya 1925.

Je, tufasirije? Wako wapendao "hakimiliki" kwa kuwa ni fupi. Sisi hatukubali. Katika Tanganyika milki za namna hiyo ya Kiingereza ziligeuzwa mwaka 1963 kuwa ukodishaji wa miaka 99 kutoka kwa Serikali, na neno "hakimiliki" sasa lina kazi nyingine katika sheria zetu. Kwa mwanahistoria, tunapendekeza "yeye na warithi wake" ibaki kama ilivyo, pamoja na maelezo pembeni. Kwa hakimu anayetaka kujua nani alipewa nini, iandikwe "kwa milki isiyo na kikomo", na warithi wasitajwe.