Mizani ya Kilimanjaro: Miaka Mia ya Kahawa ya Vihamba

Mwaka 1925, Wachaga waliokuwa wakilima kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association. Zao lenyewe halikuwa geni. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walikwisha kupanda kahawa kwenye misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na miche ikasambaa mlimani, kwanza kwa mamangi, yaani watawala wa Kichaga, na watu wao wa karibu, kisha kwa watu wa kawaida wenye vihamba, mashamba yao ya nyumbani. Kilichokuwa kipya ni wazo kwamba mtu mwenye mikahawa michache nyuma ya nyumba yake anaweza, akiungana na wenzake, kukaa meza moja na mnunuzi na kutaja bei.

Walowezi wa Kizungu hawakulipenda wazo hilo. Walidai kwamba mashamba ya Waafrika yatakuwa chimbuko la wadudu na magonjwa, na kwamba wizi wa kahawa utazidi. Hofu ambayo hawakuitaja mara nyingi ilikuwa ya vibarua: mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuchuma ya mwingine. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, hoja za aina hiyo zilishinda, na Waafrika wakazuiwa kulima arabika hadi miaka ya 1930, walipoanza kuruhusiwa kidogokidogo Meru, Embu na Kisii. Moshi hazikushinda. Mkuu wa wilaya, Charles Dundas, aliwahimiza Wachaga kupanda, lakini miche ingekuwa bure kama wenyewe wasingejipanga. Chini ya Joseph Merinyo, chama kilinunua dawa na pampu za kupulizia kwa pamoja, kikakusanya kahawa ya wanachama na kuiuza kwa jumla. Aliyesema shamba la Mchaga litazaa wadudu alijibiwa kwa pampu.

Halafu bei ya dunia ikaanguka mwaka 1929, chama kikayumba, na serikali ya kikoloni ikaingilia kati. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na tarehe 1 Januari 1933 ikaandikishwa Kilimanjaro Native Co-operative Union, KNCU. Chini yake vilikaa vyama vya msingi, kila kimoja na ghala lake, katibu wake na mizani yake. Mkulima alipeleka kahawa, ikapimwa mbele yake, akapewa malipo ya awali. Kahawa ikishauzwa, yakafuata malipo ya pili, na mwaka ukiwa mzuri, majaliwa, yaani malipo ya mwisho.

Utaratibu huo ulikuwa na nguvu, ila ulikuwa na kasoro ambayo haijaondoka mpaka leo: mkulima hubeba subira yote. Wakati ule kahawa yote ya Wachaga ilitakiwa kisheria kupitia KNCU, na meneja wake alikuwa Mwingereza, A.L.B. Bennett. Mwaka 1937 bei ilipokuwa chini na malipo yakawa madogo, wakulima wenye hasira walivamia maghala ya vyama vyao sehemu kadhaa za mlima. Serikali ilijibu kwa mkono mzito. Wapo wanaolisimulia tukio hilo kama fujo za watu wasioelewa biashara. Ukweli ni kwamba waliielewa vizuri: walitaka kujua kahawa yao imeuzwa kiasi gani na fedha imekatwa wapi.

Kazi inayoingia kwenye gunia moja ndiyo inayoonyesha walikuwa na haki kiasi gani. Kihamba ni ekari moja au mbili kuizunguka nyumba. Juu kuna miruka na miringaringa inayotoa kivuli, katikati migomba ya ndizi za mtori na za mbege, chini yake mikahawa, na chini kabisa magimbi. Ng'ombe yuko bandani, na samadi yake hurudi kwenye migomba na mikahawa. Maji hushuka kwa mifongo iliyochimbwa na mababu. Msimu ukianza, Julai hivi, wachumaji, wengi wao wanawake, huchuma tunda jekundu tu na kuliacha la kijani hadi zamu nyingine, hivyo mti mmoja hurudiwa mara nyingi. Jioni ileile matunda humenywa kwa mashine ya mkono. Punje hulazwa zichachuke siku moja au mbili, hadi ute uachie na zikisuguliwa kiganjani zikwaruzane. Huoshwa kwa maji safi, zikatandazwa kwenye vichanja, zikageuzwa kutwa na kufunikwa jua la mchana linapokuwa kali au wingu linapotanda, kwa wiki moja na nusu hadi mbili. Kilo sita hivi za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi. Usiku mmoja wa kuchelewa kumenya, au maji machafu ya kuoshea, muonjaji wa kahawa mjini Moshi atayakuta kwenye kikombe.

Na ndiyo maana jina likakua. Japani, Kilimanjaro ni jina la kahawa hata kwa mtu asiyejua Tanzania iko wapi, na arabika iliyooshwa ya nchi hii, iwe imetoka Mbinga au Mbozi, huuzwa huko kwa jina la mlima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili bei zilipanda, na miaka ya 1950 KNCU ilikuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vilivyotajwa sana barani Afrika. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, kilichoanzishwa mwaka 1934, kilitoa mbegu za N39 na KP423 zilizojaza vihamba. Fedha ya kahawa ilijenga madarasa na kulipa karo, na wasomi wengi waliotoka mlimani walisoma kwa kahawa ya mama na baba zao. Si ajabu kwamba Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963; leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini. Kahawa ikakabidhiwa mamlaka ya zao, na vijiji vikapewa kazi ya vyama vya msingi. Ulikuwa uamuzi mbaya. Malipo yalichelewa, makato yaliongezeka, na mkulima akapoteza hata ile haki ya kumbana katibu wake kwenye mkutano. Sheria mpya ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na KNCU ikaandikishwa upya mwaka 1984, lakini hakuna sheria inayorudisha imani kwa siku moja.

Mkasa mwingine ulitoka nje. Julai 1989 mfumo wa kugawana soko chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei zikaporomoka. Mwaka mmoja kabla, Uholanzi ilikuwa imeona nembo ya biashara ya haki ya Max Havelaar, iliyoanza na kahawa ya wakulima wadogo wa Meksiko. Uingereza ikafuata na kampuni ya Cafédirect mwaka 1991. KNCU iliingia kwenye biashara hiyo ya haki mwaka 1993. Masharti yake yanaeleweka: kuna bei ya chini ambayo mnunuzi hawezi kushuka chini yake, kuna nyongeza inayopelekwa kwa ushirika ili wanachama waamue matumizi yake mkutanoni, na ushirika unaweza kuomba sehemu ya malipo kabla ya kahawa kusafirishwa.

Sharti ambalo wanywaji wa Ulaya hulisahau ni kwamba vyote hivyo vinahitaji chama. Nembo haina mizani. Haina ghala wala katibu, na haiitishi mkutano kijijini. Ilikuta Kilimanjaro vyama ambavyo wakulima walivijenga miaka sitini kabla yake, ikaegemea hapo. Bukoba, wenzao wa chama kikuu cha ushirika cha KCU walitumia nyongeza kama hiyo kununua hisa kwenye kiwanda cha kahawa ya unga cha Tanica, wakawa wenye mali katika hatua ambayo kwa kawaida mkulima haioni. Huo ndio mfano bora zaidi wa matumizi ya fedha hiyo katika nchi hii, na uliwezekana kwa sababu kulikuwa na ushirika wa kununua.

Mwaka 1994 soko la ndani la kahawa likafunguliwa. Wanunuzi binafsi walipanda mlimani na fedha taslimu, na mkulima mwenye karo ya kulipa hakuweza kumwambia mtoto asubiri malipo ya pili. Vyama vikakosa kahawa, KNCU ikaingia madeni ya benki. Mwaka 2001 bei ya New York ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Wengi waling'oa mikahawa iliyozeeka na kupanda mahindi na nyanya.

Hapo ndipo ubora uliposhikwa kama silaha. Mwaka 2001 vikundi vya wakulima viliunda Kilicafe, wakajenga mitambo ya pamoja ya kumenya na kuosha, ili kahawa ya jirani mzembe isiharibu ya jirani makini, na wakauza moja kwa moja kwa wachomaji wa Marekani. Kahawa inayopata alama 80 au zaidi kati ya 100 kwa waonjaji huhesabiwa ya daraja maalumu, na mnunuzi wake hulipia ladha badala ya kufuata bei ya siku pekee. Lyamungu nako, taasisi ya utafiti TaCRI ilitoa mbegu zinazohimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa yaliyokuwa yakimla mkulima kwa gharama ya dawa. Tangu msimu wa 2018 serikali imerudisha ununuzi wa vijijini mikononi mwa vyama vya msingi.

Bei ya chini ya biashara ya haki (Fairtrade) kwa arabika iliyooshwa, ambayo ilikaa dola 1.40 kwa ratili tangu 2011, ilipandishwa hadi dola 1.80 Agosti 2023. Februari 2025 soko la New York lilivuka dola 4. Bei ikipaa hivyo, kinga ya nembo haina kazi, na kinachobaki ni uaminifu wa chama. Hata katika miaka mibaya, ushirika huuza kwa masharti ya haki sehemu tu ya kahawa yake. Nyingine huenda mnadani kama ya mtu yeyote.

Na lipo deni ambalo ushirika wenyewe haujalilipa. Wanawake huchuma, humenya, hugeuza kahawa kwenye vichanja, lakini kwa kawaida kihamba hurithiwa na mtoto wa kiume, na mwenye kihamba ndiye mwenye kitabu cha uanachama. Fedha huingia kwa jina lake. Kahawa haiwezi kuitwa ya haki wakati aliyeiosha hana kura mkutanoni.

Kwa hiyo msomaji anayenunua pakiti yenye picha ya mlima, awe Dar es Salaam, Nairobi au London, amuulize muuzaji imetoka chama gani cha msingi, mkulima alilipwa shilingi ngapi kwa kilo, na malipo ya pili yalimfikia mwezi gani. Chama huandika hayo yote kwenye daftari lake. Muuzaji anayesema hajui hakutafuta.