Asili Mbili za Neno: Funzo Kutoka Lugha za Waelvi

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea insha iliyodai kwamba neno la Kiswahili mbari, yaani ukoo, ndilo lililozaa mzizi mbar katika lugha za Waelvi alizozitunga J.R.R. Tolkien. (Nawaita Waelvi ili viumbe hao wa hadithi wasichanganywe na elfu ya hesabu.) Hoja zake zilikuwa tatu. Kwanza, maneno hayo mawili yafanana kwa sauti. Pili, yakaribiana kwa maana, kwani mzizi mbar una maana ya kukaa mahali, na mbari ni watu wenye makao na asili moja. Tatu, Tolkien mwenyewe alizaliwa Afrika, katika mji wa Bloemfontein, tarehe 3 Januari 1892. Nilimrudishia insha yake na alama ndogo, na neno moja pembeni: "Sadfa." Baadaye niliona kwamba sikumtendea haki, si kwa kuwa alikuwa amepata, la, bali kwa kuwa sikumwonyesha alipokosea. Makala haya ni deni langu kwake, na huenda yakawafaa wengine washughulikao na asili za maneno yetu.

Hoja ya tatu ndiyo nyepesi kuliko zote. Tolkien aliondoka Afrika mwaka 1895, naye ni mtoto wa miaka mitatu. Hata hivyo, yafaa kutaja kwamba jina moja linalojulikana katika historia ya Afrika Mashariki limo katika habari zake. Alipokuwa mwanafunzi wa Exeter College, Oxford, alikikuta maktabani kitabu cha sarufi ya Kifini kilichotungwa na Charles Eliot na kuchapishwa mwaka 1890, akavutiwa mno na sauti za lugha ile. Eliot huyo ndiye aliyekuja kuwa Kamishna wa Himaya ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, mpaka alipojiuzulu mwaka 1904. Basi njia kati ya pwani yetu na Waelvi ipo, lakini kilichopita katika njia hiyo ni Kifini, wala si Kiswahili. Ndivyo ilivyo mara nyingi katika kazi hii: watu wawili waweza kukutana, na maneno yao yasikutane.

Tolkien hakuwa mtu wa kucheza na maneno ovyo. Mwaka 1919 na 1920 alifanya kazi katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, akitafuta asili za maneno yaanzayo kwa herufi W. Toka mwaka 1925 hata mwaka 1959 alikuwa profesa huko huko Oxford. Kamusi ya lugha yake mwenyewe, aliyoiita kwanza Qenya na baadaye Quenya, aliianza mwaka 1915, akaendelea kuipanga na kuipangua mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1973. Sehemu kubwa ya karatasi hizo ilichapishwa baadaye: orodha ya mizizi aliyoiandika miaka ya 1930 ilitoka mwaka 1987, na kamusi ile ya kwanza mwaka 1998.

Jambo kubwa katika kazi hiyo ni kwamba hakutunga lugha moja, bali ukoo wa lugha. Alidhani lugha mama ya kale, kisha akaweka kanuni ambazo kwazo sauti za lugha mama hiyo zilibadilika katika kila binti. Mabinti wawili wanaojulikana zaidi ni Quenya, yenye harufu ya Kifini, na Sindarin, yenye harufu ya Kiwelsi. Sauti ya kale kw ikawa qu katika Quenya, na p katika Sindarin, ambayo baada ya l ikawa ph. Kwa hiyo ndege bata-maji mkubwa mweupe, alkwa ya kale, ni alqua upande mmoja na alph upande wa pili. Mabadiliko haya hakuyazua hewani. Linganisha neno la Kilatini quattuor, nne, na pedwar ya Kiwelsi.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapopata raha ambayo wengine hawaipati. Lugha mama ya Waelvi ilikuwa na maneno yaliyoanza kwa mb, nd na ng, sauti ambazo sisi tunazinyonya pamoja na maziwa. Quenya iliiacha sehemu ya pili ya sauti hizo, ikabaki na sauti ya puani. Sindarin iliiacha sauti ya puani, ikabaki na kipasuo. Basi ndorē ya kale, nchi, ni nórë katika Quenya na dôr katika Sindarin. Mzizi mbar ulizaa mar, makao, katika lugha ya kwanza, na bar katika ya pili. Na jina la kabila la Waelvi wenye elimu, ngolodō, lilianza kwa ng ya ngoma. Quenya ikaligeuza kuwa Ng'oldo, kwa ng' ya ng'ombe, kisha Noldo. Sindarin ikasema Golodh, kwa dh ya dhahabu. Tahajia yetu yaweza kuiandika safari hiyo yote pasipo alama ya kigeni hata moja. Wala badiliko lenyewe si geni katika jamii ya lugha zetu: pale ambapo sisi tunasema ng'ombe kwa mb, Kitswana husema kgomo kwa m tupu.

Sasa tuirudie mbari. Kama neno hilo na mzizi mbar ni ndugu, au kama moja limetoka kwa jingine kwa desturi, basi haitoshi jozi moja kufanana. Hapana budi tuone jozi nyingine zikifuata kanuni ile ile. Tujaribu. Mbwa wa kuwinda katika Quenya ni huan. Mbingu ni menel. Mbili ni atta. Hakuna hata moja inayoitikia. Mfanano mmoja ni kama mtu kumwona mgeni sokoni mwenye uso wa mjomba wake: haumfanyi kuwa jamaa. Ukoo huthibitishwa kwa mfululizo, na mfululizo hapa haupo. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia mwanafunzi wangu.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo, maana zipo asili za nje katika lugha hizi, na Tolkien mwenyewe alizikiri. Katika barua ya mwaka 1967 alieleza majina kadhaa. Rohan, nchi ya wapanda farasi, ni jina la ukoo mashuhuri wa Brittany huko Ufaransa. Alilijua, akalipenda umbo lake. Ila tangu zamani alikuwa na neno roch, farasi, naye akaona jinsi jina hilo la Brittany lingeweza kuingia katika Sindarin kama umbo la baadaye la Rochand, nchi ya farasi. Moria lilikuwa mwangwi tu wa jina la ngome katika hadithi ya Kinorwe, nalo lilitokea katika kitabu chake cha mwaka 1937. Baadaye likapata maana ya Kielvi, shimo jeusi, kutoka mor, weusi, na iâ, shimo kuu. Eärendil lilitoka katika utenzi wa Kiingereza cha Kale, likafasiriwa upya kuwa eär, bahari, na ndil, mwenye kupenda.

Je, asili ya Rohan ni ipi? Jibu ni kwamba ni mbili, nazo zote ni za kweli, kila moja kwa swali lake. Tukiuliza neno lilitoka wapi, ni Brittany. Tukiuliza lugha yenyewe inalielewaje, ni farasi. Sisi tunalijua jambo hilo nyumbani. Kitabu kilitoka kwa Waarabu, na ki- yake ilikuwa sehemu ya mzizi. Lakini Kiswahili kilipoisikia kiliona ngeli, kikasema vitabu. Kipilefti kilitoka kwa amri ya Kiingereza ya kushika upande wa kushoto, nacho leo kina wingi wake, vipilefti, bila kuona haya. Atakayesema kwamba ki- ya kitabu si kiambishi amesema kweli kuhusu historia, akakosea kuhusu sarufi.

Litaulizwa: je, mtunzi si huru kusema asili yoyote aitakayo? Habari ya neno ros yajibu. Karibu na mwisho wa maisha yake, Tolkien aliandika makala marefu kueleza ros, povu au rasharasha za maji, iliyo katika jina la mfalme Elros. Alidai kwamba halikuwa neno la Kielvi, bali la kabila moja la wanadamu. Maelezo yalikuwa mazuri na yamepangika. Kisha akakumbuka kisiwa cha Cair Andros, ambacho jina lake alikwisha kulifasiri katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1955 kuwa Jahazi la Povu Refu. Jina hilo ni Sindarin tupu, na ros imo. Akaandika kwenye karatasi ile ile kwamba sehemu kubwa ya maelezo yake imeanguka. Makala hayo yalichapishwa mwaka 1996, baada ya kufa kwake.

Mtu huyu aliyeliumba neno alishindwa kuliamuru, kwa sababu lilikwisha kuchapishwa na kusomwa. Lilikuwa limegeuka ushahidi, naye amegeuka mtafiti mbele yake kama sisi. Kama yeye aliitupa nadharia yake kwa ajili ya jina la kisiwa kimoja kisichokuwapo duniani, sisi tunaochunguza maneno ya watu walio hai hatuna udhuru wa kuishikilia nadharia iliyopingwa na neno moja la kweli.

Insha ile ya mbari nimeiomba tena kwa mwenyewe. Nitaipa alama zaidi kwa kuuliza, na nitaandika pembeni, badala ya neno moja, maneno mawili: "Jozi nyingine?"