Urari wa Weupe

Mpiga video anayemfuata bwana harusi kutoka barabara ya pwani ya Matrah, Maskati, hadi ndani ya soko hupita katika mwanga wa aina mbili. Nje kuna jua na bahari. Ndani kuna taa za manjano za maduka ya fedha na udi. Jicho la mtu halisumbuki: kanzu iliyokuwa nyeupe nje huonekana nyeupe ndani pia. Kamera haina ubongo wa kuisahihishia. Isipoelekezwa, kanzu hiyo itatoka na rangi ya chungwa, pamoja na uso wa aliyeivaa.

Kuielekeza kamera ijue nyeupe ni ipi ndiko mafundi wanakokuita waiti balansi. Kwa Kiswahili natetea urari wa weupe. Urari ni neno la watunza hesabu: upande wa kushoto na wa kulia ukilingana, urari umekubali. Ndani ya kamera hutokea jambo la namna hiyo hasa. Kihisi hupokea mwanga kwa mafungu matatu, nyekundu, kijani na buluu. Ukiielekeza kamera kwenye kadi nyeupe na kubonyeza kitufe, huongeza au hupunguza nguvu ya nyekundu na ya buluu mpaka mafungu yote matatu yalingane. Rangi nyingine zote hufuata hapo.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Jua la mchana huwa karibu 5600, taa za studio zenye waya unaowaka ndani 3200, na kivulini chini ya anga safi huweza kupita 7000. Namba ikipanda, mwanga huelekea buluu. Kamera ikiachwa ijipange yenyewe, hubadilisha rangi katikati ya picha, na uhariri gani utakaorudisha rangi ya kilemba kilichobadilika njiani?

Kanzu isitumiwe badala ya kadi, hata ing'are vipi. Nguo nyeupe za kwetu hutiwa buluu wakati wa kufuliwa, na sabuni nyingi zina dawa ya kung'arisha inayofanya kazi hiyo hiyo. Ukiweka urari kwa kitambaa chenye ubuluu, kamera itaondoa buluu katika kila kitu, na nyuso zitaingia umanjano. Karatasi za printa nazo mara nyingi zina dawa hiyo.

Urari ukikubali, linabaki suala la kiasi cha mwanga, na hapa Maskati ndipo wengi wanapoharibu. Majengo ni meupe au ya rangi ya mchanga, kanzu ni nyeupe, jua ni kali. Kamera inayojipimia hudhani kila mandhari kwa wastani ni ya kijivu. Ikiona weupe umejaa, hufinya tundu la lenzi. Ukuta huwa wa kijivu na uso wa mtu huwa mweusi tii. Pima kwa uso, kisha funga kipimo hicho. Shata iache kwenye 1/50, kwa kuwa umeme wa Oman ni wa hezi 50 na taa hazitapepesa. Mwanga ukizidi, tumia chujio la kijivu, ambalo hupunguza mwanga bila kugusa rangi.

Mistari ya pundamilia inayotokea kwenye kioo cha kamera huonyesha sehemu zilizofikia kiwango cha mwanga ulichokiweka. Kipimo cha asilimia 70 kwa uso kinachofundishwa mara kwa mara kilitokana na ngozi nyeupe, kama zilivyokuwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, ambazo maabara zilitumia kusawazisha rangi za picha kwa kumtazama mwanamke wa Kizungu. Familia moja ya Maskati iliyotoka Unguja huwa na nyuso za rangi nyingi katika picha moja. Uso mweusi ukilazimishwa kufika 70 hupauka, na ukuta ulio nyuma yake huungua kabisa. Weka pundamilia kwenye 100 ulinde kanzu isiungue, na uache kila uso ukae mahali pake.

Nunua kadi iliyotengenezwa kwa kazi hii, nyeupe au ya kijivu. Kila unapohama kutoka mwanga mmoja kwenda mwingine, weka urari upya kabla ya kurekodi.