Vinyama vya Kooni: Kioo cha Meno Kilivyookoa Sauti za Waimbaji

Wadau, staa akipotea jukwaani miezi miwili akarudi na sauti ya kukwaruza, kwenye komenti tunaanza: karogwa, kazidisha pombe, ana kansa ya koo. Mara nyingi wala siyo. Kuna vinyama vinavyoota kwenye nyuzi za sauti na havina kansa hata chembe. Na aliyefungua mlango wa kuviona hakuwa hata daktari!

Mwaka 1854 mjini Paris, mwalimu mmoja wa kuimba, Mhispania, alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakipasha kwenye maji ya moto kisifanye ukungu, akakiingiza hadi kooni. Kwa kioo cha pili mkononi akaelekeza mwanga wa jua ndani, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufumba.

Mwaka 1861 huko Tübingen, Ujerumani, daktari mmoja alitumia ujuzi huo wa kioo kumtoa ndugu yake kinyama kooni, kupitia mdomoni. Bila ganzi, jamani! Kokeini ya kutia ganzi koo ilikuja 1884. Ila njia nyingine ilikuwa kupasuliwa shingo kwa nje, hivyo ndugu akavumilia.

Sasa kuna kimoja adimu, hicho ndicho kinachonitisha. Daktari Mrusi alikieleza mwaka 1926 akidhani kimetokana na misuli. Baadaye ikajulikana asili yake ni seli zinazofunika neva. Ubaya wake, ngozi laini iliyo juu yake huweza kunenepa na kujikunja mpaka ikafanana na kansa. Ukinyofoa kipande cha juujuu tu, hadubini inakudanganya, na mgonjwa anaweza kukatwa zoloto lote kwa kitu ambacho kingetolewa chenyewe akabaki na sauti yake. Hebu fikiria ni mwimbaji!

Ndiyo maana daktari makini huchukua kipande cha kina, na wa maabara hukitia rangi maalumu ya kutafuta protini iitwayo S-100. Ikithibitika, kinatolewa chote kupitia mdomoni, kwa vifaa vidogo au leza, mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa. Kikibaki kidogo kinaweza kuota tena, kwa hiyo anatakiwa arudi kuchunguzwa hata kama ameshaanza kuimba.