Nani Ataitunza Reli ya Uhuru Ikizeeka?

Kulikuwa na garimoshi lililoitwa Mount Mbeya, na halikufika Mbeya hata siku moja. Lilikuwa miongoni mwa vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59 vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252 hivi na kilibeba jina la mlima. Rungwe ulipata chake, Mbeya ukapata chake. Vichwa hivyo vilipandisha mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi, kwa kuwa Nyanda za Juu Kusini hazikuwa na reli ya kuvipokea. Leo vimebaki viwili tu, Mount Gelai na Mount Shengena, vyote katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Mount Mbeya na Mount Rungwe viliishia kuwa vyuma chakavu.

Hivyo viwili viliokolewa na kalenda. Makumbusho ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, wakati vichwa vya mvuke vikiwa bado kazini, na vilipostaafishwa kuelekea mwaka 1980 palikuwa na uwanja wa kuviegesha na mtu wa kuuliza vinakwenda wapi. Mount Gelai baadaye kilifufuliwa, kikawashwa tena na kuvuta treni za matembezi. Bila uwanja ule kingekwenda kwenye tanuru pamoja na wenzake.

Suala la kalenda sasa limefika Mbeya. Reli ya Tanzania na Zambia, TAZARA, ndiyo hiyo Reli ya Uhuru, iliyokabidhiwa rasmi Julai 14, 1976, imetimiza nusu karne, na inaingia katika matengenezo makubwa kuliko yote tangu ijengwe. Septemba 2025 serikali mbili zilisaini na kampuni ya Kichina ya CCECC mkataba wa miaka 30 wenye thamani ya dola za Marekani bilioni 1.4. Njia itakarabatiwa, vichwa vipya na mabehewa mapya yataletwa. Ni habari njema, na wafanyabiashara wa mahindi, mchele na mbao wa nyanda hizi wameisubiri muda mrefu. Ila karakana ikipokea kipya, cha zamani hutolewa nje, na kikishatolewa nje mnunuzi wa vyuma chakavu hachelewi.

Ukanda huu ulikaa bila reli kwa muda mrefu mno. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani ikapita Dodoma na Itigi, kaskazini kabisa. Mbeya ulipoanza kuwa mji mwishoni mwa miaka ya 1920, katika enzi za dhahabu ya Lupa, mzigo uliteremshwa Itigi na kupandishwa malori kupitia Chunya. Iringa uliungwa na reli kwa barabara ya Dodoma. Shirika la reli lenyewe liliendesha mabasi na malori katika njia hizo, hivyo mkazi wa Iringa aliweza kusafiri na shirika la reli pasipo kuona reli.

Mipango haikukosekana. Mwaka 1952 kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb ilitoa ripoti ya kuunganisha reli za Afrika Mashariki na za Afrika ya Kati, ikawekwa kabatini. Mwaka 1960 tawi lilijengwa kutoka Kilosa hadi Mikumi, na mwaka 1965 likafika Kidatu, chini ya milima ya Udzungwa, likakomea hapo. Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia waliona reli ya kwenda Zambia haina tija. Upande wa Mtwara mambo yalikuwa mabaya zaidi: reli iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga, kutoka pwani hadi Nachingwea, ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Haikufikisha hata umri wa kijana wa kidato cha nne.

Kisha Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta shaba yake inapita mikononi mwa mahasimu. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakaitegemea China. Makubaliano yalisainiwa Beijing Septemba 5, 1967, na ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, usio na riba.

Kipande kinachowahusu zaidi watu wa nyanda hizi ni Mlimba hadi Makambako, mji ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Ni kilomita 157 tu kati ya 1,860 za reli nzima, lakini ndani yake kuna madaraja 46 na mahandaki 18 kati ya mahandaki 22 ya njia yote. Hapo ndipo reli inapoacha bonde la Kilombero na kuparamia ukuta wa mlima. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa mita 50 hivi. Baada ya Makambako njia inatambaa kwenye uwanda, inapita Rujewa na Chimala, kisha inapanda tena hadi Uyole, ambako inafikia mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, kilele cha safari nzima. Agosti 1973 reli ilikuwa imefika mpakani Tunduma.

Mwaka 1972, kazi ilipopamba moto, Watanzania na Wazambia wapatao 38,000 walikuwa kazini pamoja na Wachina wapatao 13,500. Zaidi ya Wachina 60 walifia Afrika, na wengi waliofia Tanzania wamezikwa kwenye makaburi yao huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam, ambako viongozi wa China hufika kuweka mashada. Vijana wa Kitanzania waliobeba zege Mlimba wana vijiji vyao. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 ameshavuka 70.

Nani basi ataitunza kumbukumbu yao? Wazo la reli ya kumbukumbu inayoendeshwa na watu wa kujitolea lina shule yake, na shule hiyo iko Wales. Mwaka 1951 reli ndogo ya Talyllyn, iliyokuwa mbioni kufa, ilichukuliwa na wapenzi wake wakiongozwa na mwandishi Tom Rolt, ikawa ya kwanza duniani kuendeshwa namna hiyo. Jirani yake, Ffestiniog, ilikumbwa na balaa jingine: sehemu ya njia ilifunikwa na maji ya bwawa la umeme. Watu wa kujitolea wakaamua kuchimba njia mpya kuzunguka bwawa. Walianza Januari 1965 kwa sururu na matoroli, wengi wao wakija mwisho wa juma. Kipande hicho cha takribani kilomita nne kiliwachukua miaka 13. Ukikiweka kando ya zile kilomita 157 za Mlimba na Makambako, unapata kipimo cha kile ambacho msaragambo unaweza na usichoweza.

Tena hao ni Waingereza wenye pensheni na gereji nyumbani. Hata wao wanalia. Kichwa cha mvuke lazima kifumuliwe chote kila baada ya miaka kumi hivi na boila ikaguliwe upya, kazi inayomeza akiba ya chama kizima. Mgodi wa Ffos-y-fran uliokuwa ukiwauzia makaa ulifungwa mwaka 2023, wakabaki kuagiza nje. Na wale waliojifunza kazi kwa mafundi wa zamani wanazeeka, huku vijana wakiwa na mambo mengine.

Mfano ulio karibu na hali yetu zaidi ni Eritrea. Reli ya Waitalia kutoka bandari ya Massawa hadi Asmara, kilomita 118, inapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,300. Ilisimama miaka ya 1970 kwa sababu ya vita. Pande zote mbili ziling'oa pau za reli na mataruma ya chuma na kuyatumia kujengea mahandaki ya kujikinga na risasi. Baada ya uhuru wa mwaka 1993 wataalamu wa nje walitaja gharama ya ukarabati ya mamia ya mamilioni ya dola. Serikali ikakataa, ikawaita wazee. Madereva, mafundi wa boila na watu wa gengi waliostaafu, baadhi yao wakiwa na miaka zaidi ya 70, walirudi karakanani Asmara. Pau zilikusanywa kutoka kwenye mahandaki, zikanyooshwa, zikarudishwa njiani. Wazee walifundisha vijana kwa kushika nyundo mbele yao, maana michoro mingi ilikuwa vichwani mwao. Mwaka 2003 treni ikafika Asmara.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi huishia, na ni makosa kuishia hapo. Reli ile iliyofufuliwa kwa jasho haikupata mzigo wa kudumu wala abiria wa kila siku. Imeishi kwa safari za hapa na pale, mara nyingi pale kundi la watalii linapoikodi. Kuijenga upya kulihitaji ari, na ari ilikuwapo. Kuiendesha kunahitaji tiketi.

Ndiyo maana kwa Mbeya ndoto ya treni ya matembezi inayoendeshwa na chama cha wapenzi wa reli haifai kuwa mahali pa kuanzia. Kwanza TAZARA ilizaliwa ya dizeli. Vichwa vyake vya mwanzo, aina ya DFH kutoka Qingdao, havina moshi mweupe wa kuwavuta wapiga picha, na vilizidiwa na mlima wa Makambako kiasi kwamba katika miaka ya 1980 vilianza kuletwa vya General Electric. Pili, njia yenyewe ni ya biashara na itakuwa na ratiba ya mkandarasi. Watalii matajiri tayari wanaipita kwa treni ya kifahari ya Rovos Rail ya Afrika Kusini, ambayo imefika Dar es Salaam tangu mwaka 1993. Tatu, na hili husemwa kwa sauti ya chini, wastaafu wengi wa reli walihangaikia mafao yao kwa miaka. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwomba aje kusugua kutu kila Jumamosi bila nauli wala chai.

Kuna pia kikwazo cha sheria ambacho wachache wanakifahamu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Daraja la Mpanga, stesheni ya Mbeya yenye ukumbi wake mpana pale Iyunga, kitabu cha zamu cha msimamizi wa stesheni: vyote ni vichanga mno mbele ya sheria, mpaka Waziri atangaze vinginevyo. Na kwa kuwa TAZARA ni mali ya nchi mbili, hata behewa moja bovu lina wenye nalo Dar es Salaam na Lusaka.

Linalowezekana ni dogo zaidi, na Iringa, mji usio na reli, umeshalifanya. Jengo la Wajerumani la mwaka 1900 katikati ya mji, lililojulikana kama Boma, lilikarabatiwa kwa mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, likafunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Jinja nchini Uganda nako, mwaka 2022, stesheni ya zamani iligeuzwa makumbusho ya reli kwa juhudi za taasisi isiyo ya kiserikali ya Cross-Cultural Foundation of Uganda. Hakuna treni inayowashwa pale. Kuna mabehewa yaliyoegeshwa, picha, vifaa, na watoto wa shule wanaoingia.

Mbeya wana malighafi bora kuliko hao wote: reli hai, karakana, na mashahidi. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hii, alionyesha jinsi treni fupi ya wenyeji, iliyoitwa kipisi, ilivyobeba ndizi, mchele na vifurushi kutoka stesheni hadi stesheni. Historia ya namna hiyo haimo kwenye hotuba za uzinduzi. Imo kwenye stakabadhi za vifurushi, na kwa akina mama waliozilipia.

Kwa hiyo ombi ni moja, na linawahusu menejimenti ya TAZARA, mwekezaji, Wizara na ofisi za mikoa ya Mbeya na Iringa. Kabla mnada wa vyuma chakavu haujatangazwa, tengeni kichwa kimoja cha DFH, behewa moja la abiria na chumba kimoja cha stesheni ya Mbeya, viandikwe kwa majina na namba zake kwamba haviuzwi. Vyuo vikuu vya Iringa na Mbeya vitume wanafunzi wenye vinasa sauti Makambako, Mlimba na Iyunga mwaka huu. Na msomaji ambaye babu yake alivaa kofia ya TAZARA, usiitupe ile picha. Andika nyuma yake jina, mahali na mwaka, wakati yeye mwenyewe bado yupo wa kukuambia.