Karatasi ya Kweli, Udereva wa Uongo: Historia ya Adhabu za Leseni za Kughushi

Sheria ya kwanza ya Uingereza iliyomtaka kila dereva wa gari awe na leseni ilipitishwa mwaka 1903 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Mtihani wa udereva haukuwa wa lazima nchini humo hadi tarehe 1 Juni 1935. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 31 Mwingereza alipewa leseni bila mtu yeyote kumuuliza kama anajua kuendesha. Hata hivyo, sheria hiyohiyo ya 1903 tayari ilikuwa na kifungu cha kumwadhibu mtu aliyeghushi leseni, aliyeibadilisha kwa hila, au aliyemwazima mwenzake aitumie. Adhabu ya kughushi ilitangulia mtihani.

Katika insha hii ninajiuliza swali moja: kama leseni haikuthibitisha ujuzi wa dereva, sheria ilikuwa inalinda kitu gani? Ninaliuliza kwa sababu sheria zetu za Afrika Mashariki zilizaliwa katika ukoo huohuo wa sheria za Kiingereza, na jibu lake linatusaidia kuelewa kwa nini hadi leo tunamkazia macho mwenye karatasi bandia kuliko mwenye karatasi halali asiyeweza kuendesha.

Tuanze na leseni ya 1903 yenyewe. Ilitolewa na halmashauri ya kaunti kwa shilingi 5, ikadumu mwaka mmoja, na mwombaji wa leseni ya gari alitakiwa awe ametimiza miaka 17. Kazi yake kubwa ilionekana siku dereva alipofikishwa mahakamani. Hakimu aliweza kuandika kosa lake juu ya leseni hiyo, na aliweza pia kuisimamisha. Aliyezuiwa kuendesha akaomba leseni nyingine alikuwa ametenda kosa, na vilevile aliyeficha makosa yaliyokwisha kuandikwa. Kwa ufupi, leseni ilikuwa daftari la mwenendo wa dereva. Aliyeghushi alilifuta daftari hilo, na aliyeazima alijificha nyuma ya daftari la mwenzake. Faini ya kosa la kwanza ilifika pauni 20. Kwa anayerudia ilifika pauni 50, au kifungo cha hadi miezi 3. Tukikumbuka kwamba leseni yenyewe iliuzwa kwa shilingi 5, na pauni moja ilikuwa shilingi 20, tunaona kuwa faini ya kwanza ililingana na bei ya leseni 80.

Si kila nchi ilianza hivyo. Jijini Paris, amri ya polisi ya tarehe 14 Agosti 1893 ilidai dereva awe na cheti cha uwezo, yaani athibitishe kwanza kwamba anaweza kukiongoza chombo chake. Hizi ni fikra mbili tofauti kuhusu karatasi moja. Mjini Paris karatasi ilisema, "Mtu huyu anaweza." Mjini London ilisema, "Mtu huyu anajulikana." Sisi tulirithi fikra ya London, na ni muhimu tusisahau hilo tunaposoma vitabu vyetu vya sheria.

Urithi huo ulitufikia kwa njia ya mzunguko. Mwanzoni mwa ukoloni, Waingereza walitumia Kenya na Uganda sheria ya jinai ya India ya mwaka 1860. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa sheria mpya za jinai zinazofanana sana, ambazo mizizi yake inafika hadi jimbo la Queensland nchini Australia, kwa sheria iliyotungwa na Samuel Griffith mwishoni mwa karne ya 19. Sheria hizo hazikuishughulikia leseni ya udereva peke yake. Zilieleza kughushi kuwa ni kutengeneza waraka wa uongo kwa nia ya kudanganya, na zikaweka kando kosa la kujifanya mtu aliyetajwa kwenye cheti, na kosa la kumwazima mwingine cheti chako ili ajifanye wewe. Leseni iliingia humo pamoja na hati nyingine zote.

Hapo ndipo historia ya leseni inapokutana na historia ya kipande. Nchini Kenya, sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Ndani yake mwajiri aliandika tarehe za kazi na mshahara. Bila saini ya mwajiri, mfanyakazi aliyeondoka alihesabiwa mtoro na kushtakiwa. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande mapema miaka ya 1920, na kukamatwa kwake Machi 1922 kulisababisha maandamano Nairobi ambamo watu waliuawa kwa risasi. Ninakitaja hapa kwa sababu kipande na leseni vilifanya kazi ya aina moja katika mikono tofauti. Vyote viwili vilikuwa daftari la mwenendo lililobebwa na mwenyewe, na vyote viwili vilimwezesha askari kumsimamisha mtu njiani na kumwambia, "Toa karatasi." Tofauti ni kwamba leseni ilimfungulia barabara aliyeiomba, na kipande kilimfungia barabara mtu ambaye hakukiomba. Ndiyo maana haishangazi kuwa katika nchi zetu karatasi ya serikali ilizoeleka kuwa kitu cha kumtuliza askari, na si ahadi kwa watu wengine wanaotumia barabara.

Mtihani wa 1935 ulibadilisha maana ya leseni nchini Uingereza, na baadaye wazo hilo likaenea hadi kwetu. Sasa karatasi ilisema mambo mawili kwa pamoja: mtu huyu anajulikana, na mtu huyu anaweza. Lakini kila karatasi inapoongezewa maana, huongezewa pia njia ya kudanganya. Kabla ya mtihani, uongo ulikuwa mmoja tu, wa karatasi yenyewe. Baada ya mtihani kukazaliwa uongo wa pili: karatasi halisi, yenye muhuri halisi na saini halisi, iliyotolewa kwa mtu ambaye hakufanya mtihani au aliufeli. Kwetu Uganda, ambako wengi huiita leseni pamiti, kila mtu amewahi kusikia mzaha kuhusu dereva aliyepata pamiti kabla ya kushika usukani. Kenya wana msemo wao wa "kitu kidogo". Mzaha huo unauhusu uongo huu wa pili.

Je, sheria zinaupimaje kila uongo? Nchini Kenya na Uganda adhabu ya kawaida ya kughushi waraka ni kifungo cha hadi miaka 3. Tanzania, ambayo ilipewa sheria ya ukoo uleule mwaka uleule, adhabu ya kawaida ni hadi miaka 7. Rwanda, ambayo haikupitia mikono ya Waingereza, sheria yake ya jinai ya mwaka 2018 inatoa kifungo cha miaka 5 hadi 7 na faini ya faranga milioni 3 hadi milioni 5, au mojawapo ya hizo. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kupitia Malaba na Katuna hadi Kigali, akiwa na leseni moja ya kughushi mfukoni, anabeba kosa ambalo uzito wake unabadilika kila anapovuka mpaka, ingawa breki zake ni zilezile.

Sasa tutazame uongo wa pili. Sheria ya jinai ya Kenya ina kifungu kinachomhusu mtu anayejipatia leseni au cheti kwa udanganyifu. Adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1. Yaani aliyechapisha karatasi bandia anakabiliwa na miaka 3, na aliyeipata karatasi halisi kwa uongo anakabiliwa na mmoja. Kwa macho ya mwaka 1903 mpangilio huo una mantiki, kwani aliyeghushi ameichezea serikali na daftari lake. Kwa macho ya abiria mpangilio huo ni kichekesho. Leseni bandia inaweza kugunduliwa na askari makini. Leseni halisi ya mtu asiyeweza kuendesha haitagunduliwa na askari yeyote. Itagunduliwa na mteremko au kona.

Mfano unaonisadikisha kuhusu hatari hiyo unatoka mbali, lakini unajulikana vizuri kwa sababu ulichunguzwa mahakamani hadi mwisho. Tarehe 8 Novemba 1994, karibu na mji wa Milwaukee nchini Marekani, chuma kizito kilidondoka kutoka kwenye lori na kutoboa tangi la mafuta la gari la familia lililokuwa nyuma. Gari liliwaka moto, na watoto sita wa familia moja wakafa. Madereva wengine walikuwa wamejaribu kumwonya dereva wa lori kwa redio, lakini hakuelewa Kiingereza. Leseni yake ilikuwa halisi, imetolewa na ofisi ya jimbo la Illinois. Wachunguzi waligundua kwamba wafanyakazi wa ofisi za leseni katika jimbo hilo walipokea hongo, na kwamba sehemu ya fedha hizo ilipanda hadi kwenye mfuko wa kampeni wa George Ryan, aliyekuwa mkuu wa idara hiyo tangu 1991 hadi 1999 na kisha gavana hadi 2003. Watu 79 walishtakiwa, na 76 wakapatikana na hatia. Ryan mwenyewe alitiwa hatiani mwaka 2006 kwa makosa ya rushwa na udanganyifu, akahukumiwa kifungo cha miaka 6 na nusu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Illinois haikuwa fupi. Kutoka ajali hadi hukumu ya gavana ilipita karibu miaka 12. Lakini ilifika, kwa sababu wachunguzi hawakuishia kwa dereva. Waliuliza nani alimpa karatasi, aliyempa alipewa nini, na alichopewa kilikwenda wapi.

Msomaji anaweza kunipinga kwamba hata sisi tunazo sheria za kumfikia aliyetoa leseni. Ni kweli. Sheria ya Uganda ya kupambana na rushwa ya mwaka 2009 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10 kwa mtoaji na mpokeaji wa hongo. Tatizo ninaloliona si ukosefu wa kifungu. Ni urahisi wa kukamata. Dereva anasimama barabarani mchana kweupe, na karatasi yake inakaguliwa pale pale. Mtahini hukaa nyuma ya dawati, na hakuna anayemsimamisha aonyeshe orodha ya watu aliowafaulisha. Tena kadi za kisasa, zenye picha na taarifa zinazosomwa kwa mashine, zimeifanya kazi ya kughushi kuwa ngumu zaidi, nalo ni jambo jema. Lakini mashine inathibitisha tu kwamba kadi ilitoka serikalini. Haijui kama mwenye kadi aliwahi kurudisha gari kinyumenyume mbele ya mtahini.

Kwa hiyo jibu la swali langu ni hili: sheria tuliyorithi ililinda daftari la serikali kabla ya kulinda maisha ya mtembea kwa miguu, na baada ya zaidi ya miaka mia moja daftari bado liko mbele. Ninapendekeza kwamba kila ajali ya vifo inapochunguzwa, faili lisifungwe kwa maneno "dereva alikuwa na leseni halali". Maneno hayo yangepaswa kufungua ukurasa mwingine: alitahiniwa lini, wapi, na nani alitia saini. Sheria ya 1903 iliandika makosa ya dereva juu ya leseni yake ili yamfuate popote aendako. Saini ya mtahini nayo imo katika kumbukumbu za leseni. Kilichobaki ni makosa ya dereva kuifuata saini hiyo hadi dawatini.